Gari la Kisilu na Kioo Kilichong'olewa

Hebu mwone anavyoingia. Ni asubuhi, vumbi la barabara ya Namanga bado halijaamka vizuri, na pale karakana za vyuma zilipojipanga nje kidogo ya mji wa Kitengela, van nyeupe inakata kona polepole. Juu ya paa, kwenye keria, kuna ubawa wa geti, umefungwa kwa mipira ya blada mara nyingi kama mguu wa mgonjwa uliofungwa bandeji. Ubavuni kuna maandishi ya buluu na nyekundu: KISILU NA SOIPAN, MAGETI, GRILI, STENDI ZA TANGI. Anayeendesha ni mtu mfupi, mpana wa mabega, kofia ya sufu kichwani hata jua liwake namna gani. Anamwinulia mama wa chai vidole viwili vya salamu, anazima injini, anashuka, kisha anafunga mlango kwa upole, kama mtu anayefunga chumba alimolala mtoto.

Sasa sogea karibu, uchungulie kwenye kioo cha mbele. Pale juu katikati, ambapo kila gari lina kile kioo kidogo cha kumwonyesha dereva mambo ya nyuma, hapana kitu. Kuna alama ya gundi tu, duara kama shilingi. Wengi wamemuuliza. Ojwang, fundi wa magari ambaye karakana yake inapakana na ya Kisilu, ameshajitolea kumbandikia kingine bila malipo, maana anasema gari lisilo na kioo hicho linamtia aibu yeye anayelitengeneza. Kisilu hucheka, hushukuru, akarudi kwenye vyuma vyake.

Nitakwambia kioo kilienda wapi. Hadithi yenyewe si ndefu, ila haipendi kuharakishwa, kwa hiyo tuanze kwa mwenyewe.

Kisilu ni Mkamba. Alifika Kitengela kijana, siku ambazo nyumbu walikuwa bado wanakatiza mahali ambapo leo kuna ploti, maduka ya dawa na makanisa ya mabati. Alijifunza kuchomelea vyuma kwa kushikilia tu vyuma vya wengine, hadi siku moja fundi mwenye mashine akamwachia ashike mwenyewe mkono wa mashine unaotoa moto. Mji ulipoanza kukua, kila aliyejenga chumba kimoja alitaka kwanza geti. Hilo ni jambo la huku: mtu hana paa, ana geti. Kisilu akapata kazi. Ukishika njia ya Isinya leo, mageti yake yamesimama pande zote mbili, na utayatambua kwa mapambo ya rangi yaliyo juu yake, pembetatu na mistari iliyopangwa kama kwenye mkufu wa shanga. Hayo mapambo si mkono wake. Ni mkono wa mkewe.

Mkewe ni Soipan, Mmaasai wa upande wa Mashuuru. Yeye ndiye mwenye rangi. Kisilu akimaliza kuchomelea na kusugua, geti huwa mali ya Soipan mpaka likauke, na hata mteja mkubwa hana ruhusa ya kuligusa. Wana watoto watatu, na wa kwanza ni Seleyian, msichana mwenye masikio mapana ambaye hakuna linalompita.

Walipooana, Kisilu alifuata desturi ya kina Soipan bila kusukumwa. Pamoja na mengine aliyopeleka, alimpelekea mama wa msichana kondoo jike. Kondoo huyo ana maana yake: tangu siku ile mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina lake. Anamwita Paker, yaani yule aliyenipa kondoo. Kila zawadi ya mfugo huzaa jina la namna hiyo, na jina hilo hubaki, hata mfugo wenyewe ukishazeeka na kufa.

Mama mkwe mwenyewe ni Nalangu, wajukuu wanamwita Kokoo, yaani bibi, nasi tumwite hivyo. Anakaa mbele ya Mashuuru, mahali ambapo barabara huchoka ikawa njia ya mbuzi. Na hapa lazima uelewe jambo moja, la sivyo hadithi nzima itakupotea. Kwa Wamaasai, mtu na mama mkwe wake huwekeana heshima kubwa: hawali pamoja, hawaketi karibu, hawakodoleani macho. Kwa Wakamba nako ni vivyo hivyo, wao huiita nthoni. Basi hawa wawili, wa makabila mawili, hawakuwahi kuhitaji mtu wa kuwafundisha. Kisilu akifika bomani husimama kando ya uzio, uso upande wa pili, na maneno yake humfikia Kokoo kwa kupitia mtoto. Kokoo naye hujibu vivyo hivyo: mwambie baba yako hivi, mwambie baba yako vile. Na wanapendana sana, nakwambia. Sijaona mkwe na mama mkwe wanaopendana kuliko wale wawili ambao hawajawahi kutazamana.

Shida ilikuja kwa macho. Kokoo alianza kusema ukungu umeingia kwenye boma na hautoki. Watoto wakimwinamia wamsalimie, kama ilivyo ada, alikuwa akiweka kiganja juu ya vichwa vyao na kukaa nacho pale kidogo, akipapasa, ajue ni nani ni nani. Soipan alipoona hivyo aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu. Wakampeleka hospitali ya macho mjini Kajiado kwa teksi ya kukodi. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba huondolewa kwa upasuaji. Watafanya jicho moja kwanza, kisha la pili, na katikati kuna kurudi mara kadhaa kuangaliwa. Akaonya wasikawie. Akakataza pia boda boda, kwa sababu ya vumbi na mitikisiko. Wakati wa kumrudisha, teksi ilizama kwenye mchanga wa mto mkavu, na dereva, baada ya kusukuma hadi shati likashikana na mgongo, aliapa mbele ya mbuzi na watu kwamba upande ule hataurudia tena Mungu akimjalia uhai.

Siku ya upasuaji ikafika. Kisilu akaazima pikapu ya mtu wa kanisani, akaenda na Soipan alfajiri. Kokoo alikuwa amejiandaa, amevaa shuka mpya na viatu vya kwenda nje. Akasogezwa mpaka mlangoni mwa pikapu, akainua mkono, akapapasa kiti. Akapapasa kutoka huku kwenda kule. Kiti cha pikapu ile kilikuwa kimoja, ngozi moja tangu mlango hadi mlango, Soipan angekaa katikati na yeye pembeni, lakini kiti kilikuwa hicho hicho kimoja alichokalia mkwewe. Kokoo alishusha mkono. Akasema amekumbuka mbuzi hawajanywa maji. Akageuka, akaingia ndani, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Usimcheke. Kisilu hakumcheka. Aliegemea uzio na kupumua kama aliyetuliwa mzigo, kwa sababu tangu Kitengela alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe ataendeshaje gari akiwa ameketi kiti kimoja na mama mkwe. Lakini siku ile ya upasuaji ilipita, na ukungu ulibaki.

Kisilu, kwa bahati, alikuwa karibu kununua gari lake. Kwa miaka mingi alikodi pikapu za watu kupeleka mageti, na mwenye pikapu akichelewa ni fundi anayetukanwa. Alikuwa amejiwekea akiba pole pole, na hiyo akiba ilitosha gari moja, wala si mawili. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Gari atakalochagua litapeleka mageti Isinya na Kajiado, litapeleka watoto shule mvua ikinyesha, na kama halimfai Kokoo, basi Kokoo atabaki na ukungu wake.

Kila mtu alikuwa na gari lake la kumshauri. Wanyama, fundi mwenzake wa vyuma, alisema pikapu, tena si neno la kujadili. Ojwang alisema pikapu. Mama wa chai, ambaye hana hata baiskeli, alisema pikapu. Walimweleza kwamba fundi wa mageti bila pikapu ni kama mchungaji wa kanisa bila Biblia. Kisilu mwenyewe moyo wake ulikuwa kwenye pikapu tangu ujana. Alishaiona akilini, nyeusi, amefunga keria aliyoichomelea mwenyewe. Usiku mmoja wakiwa wanakula, akamweleza Soipan habari za pikapu kwa urefu. Soipan alisikiliza, akakusanya sahani, kisha akasema neno moja tu.

"Baba Seleyian, hiyo pikapu itabeba mageti yote ya Kitengela. Mama yangu itambeba wapi?"

Akazibeba sahani akaenda nazo jikoni.

Basi Kisilu akaanza kuzunguka kwenye yadi za magari pamoja na Ojwang. Ojwang alikuwa akifungua boneti, akisikiliza injini, akilala chini kuangalia kama kuna mafuta yanayovuja. Kisilu hakuangalia injini. Aliingia ndani na futi yake ya chuma, ile ya kazini, akapima kutoka mgongo wa kiti cha dereva hadi kiti cha nyuma, akatingisha kichwa, akatoka. Pikapu ya milango minne ilikuwa nje ya uwezo wake, hata hakuivutia futi. Probox, kile kigari cha watu na mizigo, aliipenda, maana inabeba kila kitu na haichoki, lakini alipoketi mbele na Ojwang akaketi nyuma yake, magoti ya Ojwang yalimgusa mgongoni. Kisilu aliruka kama aliyechomwa na cheche.

Mwenye yadi ya mwisho, Gitonga, mtu wa mdomo mwepesi, alimtazama akipima gari la nne au la tano, uvumilivu ukamwisha.

"Fundi," akamuuliza, "kwani unapima jeneza? Wengine huuliza mafuta inakula ngapi."

Ojwang akadakia kwamba huyu ananunua gari la mama mkwe, na watu wote pale yadi wakaangua kicheko. Kisilu naye akacheka. Halafu akaenda moja kwa moja hadi kwenye van nyeupe iliyokuwa kwenye kona, yenye milango ya kuvuta pande zote mbili na mgongo mrefu, gari ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama. Akavuta mlango wa ubavuni, akaingia, akavuta futi. Futi ikaendelea kutoka. Ikaendelea. Akaita kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea, kwamba Ojwang sasa anaweza kufungua boneti.

Hiyo van ilipofika karakana, Wanyama aliizunguka mara moja akaiita gari la kupeleka akina mama kwaya. Jina likashika kwa muda. Vijana wa mtaa walikuwa wakimpigia Kisilu wimbo wa kanisa akipita. Yeye aliwapungia mkono kama mgeni wa heshima.

Kazi aliyoifanya kwenye gari lile ndiyo inayonifanya nimsifu mpaka leo. Kwanza akachomelea keria ndefu juu, yenye ngazi nyuma, ili mageti na vyuma virefu vikae huko. Ojwang akainua springi za magurudumu ili gari lisipige tumbo kwenye njia za Mashuuru. Kisha Kisilu akang'oa kiti cha nyuma, akakirudisha nyuma kabisa kadiri kilivyoweza kwenda, akakifunga kwa vyuma vyake mwenyewe, akakiwekea mkono wa kushikilia. Watoto wangekaa kiti cha katikati. Kokoo angekuwa na chake peke yake, na mlango wake. Kikikunjwa, pale pote pangekuwa pa mizigo.

Ikabaki ngazi ya kupandia. Gari lilikuwa limeinuliwa, na mama mzee haruki. Lakini ngazi iwe na urefu gani? Fundi mwingine angempima mtu mguu. Kisilu angewezaje kumwangalia mama mkwe miguu? Basi safari moja alipopeleka stendi ya tangi la maji upande ule, alipitia bomani wakati Kokoo ametoka, akapima jiwe lililo mbele ya mlango wa nyumba yake, lile analolipanda na kulishuka kila siku. Akachomelea ngazi ya urefu huo huo. Soipan akashona pazia la shuka nyekundu, likaning'inizwa nyuma ya viti vya watoto.

Na lingine nikwambie, ambalo Wanyama hakulitegemea. Grili za madirisha zilizopakwa rangi, zikisafirishwa kwenye pikapu, hufika zimekula vumbi, na Soipan alikuwa akilia nazo kila mara, akirudia rangi kwenye uwanja wa mteja. Ndani ya van zilifika safi kama zilivyotoka mkononi mwake. Wateja wakaanza kuliona hilo na kuliambiana. Wimbo wa kwaya ukapungua sauti.

Siku mpya ya upasuaji ilipowekwa, wakaenda familia nzima. Kisilu alisimamisha gari nje ya uzio, akafungua mlango wa ubavuni, akaenda kusimama mbali, akiangalia milima ambayo wala haikuwa na jambo. Soipan akamshika mama yake mkono. Kokoo akagonga gari kwa fimbo. Akainua mguu bila kuambiwa, na mguu ukakutana na ngazi pale pale ulipotegemea kukutana nayo. Akasimama hapo juu ya ngazi. Kisha akapapasa kiti, huku na huku, akafika mwisho wake kila upande, akaona ni kiti kinachojitegemea. Akaketi. Akasema watu wanangoja nini, daktari atachoka.

Njiani palikuwa na joto. Walipovuka mto wa mchanga, wala hawakukwama safari hii, Soipan, aliyeketi na watoto, akavuta pazia kidogo ili mama yake apate hewa. Kisilu hakujua. Alikuwa na furaha, nadhani, maana gari lilikuwa limepanda ukingo kama beberu, na kwa mazoea ya dereva akainua macho kwenye kile kioo kidogo cha juu ili aone anachokiacha nyuma.

Akaona uso wa mama mkwe wake. Uso mzima, katikati ya kioo, karibu kabisa, kama picha iliyowekwa kwenye fremu.

Gari lilisimama ghafla, vumbi likalipita. Soipan alifikiri ni gurudumu. Kisilu alishuka, akafungua sanduku la spana, akarudi na kuanza kufungua nati ya kioo huku amegeuza kichwa dirishani. Fundi mzima, aliyepima kila kitu kwa futi, alikuwa amesahau kwamba jicho halipimwi kwa futi. Soipan alipoelewa, akamsogelea akamnong'oneza kwamba aache, akigeuze tu kitazame juu. Na zaidi ya hayo, mama haoni, hajui lolote.

"Njia hii itakigeuza tena," Kisilu akasema, akizungusha spana. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na kama leo haoni, si tunampeleka akaone?"

Nati ilikuwa imeshika kutu. Akavuta. Kioo kikang'oka na kipande cha gundi, akakifunga kwenye kitambaa cha kazi, akakitupia chini ya kiti. Gari likaondoka. Huko nyuma Kokoo akamuuliza Seleyian kuna nini, na Seleyian, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasema hajui.

Mengine ya hospitali ni ya hospitali. Jicho la kwanza lilifunguliwa, likapona. Kuangaliwa kukafuata, na van ikaenda na kurudi, mara nyingine ikiwa na geti la mteja wa Kajiado juu ya keria na Kokoo akiwa ndani, kazi na mama katika safari moja. Jicho la pili likafunguliwa. Kisilu alikwishaongeza mikono mirefu kwenye vioo vya nje vya pembeni, na kwa hivyo alirudi nyuma na kuegesha vizuri kuliko wengi wenye vioo vyote.

Siku ya mwisho, daktari alipomruhusu, wakati wa kurudi Kokoo aliomba wapitie Kitengela kwanza. Hakuwa ameuona mji ule kwa miaka, kwa macho maana yake. Walipotoka wakashika njia ya Isinya, sauti yake ikasikika kutoka nyuma ya pazia, ikimwambia Seleyian amwambie baba yake asimamishe gari. Likasimama. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na geti kubwa la rangi ya udongo, na juu yake zile pembetatu na mistari ya Soipan. Kokoo alilitazama kwa muda mrefu. Akauliza nani alilitengeneza. Seleyian akamwambia vyuma ni vya baba, rangi ni ya mama. Wakaendelea kidogo, akasimamisha tena. Kisha tena. Safari ile ilichukua muda wa safari mbili, kwa sababu kila palipokuwa na geti lao Kokoo alitaka kusimama, na Kisilu, mtu yule asiyependa kusifiwa, alikuwa ameketi mbele na kofia yake ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi, masikio yakiwa yamemsimama.

Baada ya geti la mwisho, Kokoo alitazama mbele, kwa pembeni mwa pazia, akaona ile alama ya duara kwenye kioo cha mbele. Macho mapya hayaachi kitu. Akamuuliza mjukuu pale palikuwa na nini. Seleyian naye, ambaye alikuwa amelibeba neno lile tangu siku ya kwanza, akalimwaga lote: kioo, spana, kutu, na alichosema baba.

Gari likapita Mashuuru, likafika bomani. Kokoo akashuka kwa ngazi yake. Kisilu alikuwa tayari ameenda kusimama kando ya uzio, mgongo kwao, mikono nyuma. Kokoo akamwita Seleyian karibu, ingawa sauti aliyotumia ingetosha kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mwambie baba yako yule kondoo wa harusi alikufa zamani. Watoto wake wamezaa, na watoto wa hao wamezaa. Hilo jina la Paker limekuwa dogo kwake. Mwambie ninamtafutia lingine."

Seleyian akageuka aupeleke ujumbe hatua zile chache. Hakuwa na haja. Mabega ya Kisilu yalikuwa yanatikisika, na wewe uliye mbali usingejua kama anacheka ama ni lile jambo jingine.

Tangu wakati huo Kokoo anatafuta. Amewauliza akina mama wenzake, na wameshauriana sana. Aliyetoa kondoo ana jina lake, aliyetoa mbuzi ana lake, aliyetoa ng'ombe ana lake. Lakini mtu aliyeacha pikapu ya moyo wake, akapima jiwe la mlangoni ili asipime mguu, kisha akang'oa kioo cha gari lake ili macho ya mama mkwe yakifunguka yasikute aibu, huyo desturi haikumwachia jina. Wanawake wa Mashuuru wameshindwa kukubaliana. Nami nimelifikiria kila nikiiona ile van ikikata kona asubuhi, geti juu ya keria.

Wewe, ungemwita nani?